Nguo ya fundi inataka mwili uliotulia

Msimu wa harusi ukikaribia hapa Dar es Salaam, maneno ni yaleyale, saluni, ofisini, kwenye daladala: "Nina sherehe mwezi ujao, lazima nipungue." Mtu anaanza kushinda na maji na matango, analala na njaa, kisha anakwenda kupimwa na fundi akiwa amekauka. Gauni linashonwa kwa mwili huo wa kulazimisha. Sherehe ikipita, wali unarudi mezani, na haichukui muda zipu inagoma katikati ya mgongo. Mimi naona tunaanzia pasipofaa. Kaa kwanza na uzito mmoja kwa muda mrefu, halafu fundi akushonee mwili huo unaoishi nao kila siku.

Kitenge hakina huruma. Ni pamba iliyofumwa, hakivutiki kama fulana au jinzi yenye mpira. Nguo ya mtumba uliyochagua soko la Karume ikikubana, unampa mdogo wako na kutafuta saizi kubwa zaidi. Gauni la fundi limekatwa kwa kifua chako, kiuno chako na hipsi zako. Kumkaa mtu mwingine vizuri ni bahati. Na mara nyingi pesa ya ufundi inazidi ya kitambaa.

Wengi hujipa moyo kwamba fundi ataachia, yaani atafumua mshono na kuipanua nguo. Ataachia nini? Ligeuze gauni lako, utazame mshono wa ubavuni. Kama alipitisha ovaloki, ule ushonaji wa kuzuia kingo zisichambuke, karibu na mshono, kitambaa cha ziada kilikatwa palepale kikaanguka chini ya cherehani, na kilichobaki ni kama sentimita moja. Hapo hakuna cha kuachia. Kama aliacha sentimita mbili na nusu kila ukingo, kuna nafuu: mishono miwili ya ubavuni ina kingo nne, akitoa sentimita moja kila ukingo unapata sentimita nne kiunoni. Lakini kitenge kilichoanikwa juani mwaka mzima kimepauka kwa nje. Ukikiachia, ule ukanda uliojificha ndani unatokea na rangi yake ya dukani, na matundu ya sindano yanabaki yamejipanga pembeni yake. Kwa hiyo mwambie fundi kabla hajashika mkasi: "Niachie nafasi ndani." Na kitambaa kiloweke, ukianike, ndipo umpelekee, maana kikisinyaa baada ya kushonwa utaulaumu mwili bure.

Sisemi watu wakonde. Mjini kwetu ukiongezeka kidogo unaambiwa umependeza, maisha yamekukubali. Ukipungua unaulizwa unaumwa nini. Mtu anayumba kufuata midomo ya watu. Kama afya yako ni njema, baki hapo ulipo hata kama si mwembamba. Mjamzito, anayenyonyesha na mgonjwa wana utaratibu wao. Aliyeambiwa na daktari apungue, apungue taratibu, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na nguo za gharama azisubirishe mpaka mwili utulie.

Kinachotunenepesha hapa, kwa maoni yangu, si pilau ya harusi moja. Ni foleni. Unatoka kazini Posta saa kumi na moja jioni, unaingia Mbagala au Gongo la Mboto giza limeshatanda, njaa imekushika, unamaliza sahani iliyojaa na kwenda kulala. Ongeza maandazi ya chai ya saa nne, na soda ya mchana ambayo chupa yake ya mililita 350 inaweza kuwa na zaidi ya gramu 30 za sukari. Dawa ninayoiamini ni kula kitu saa kumi, karanga au ndizi mbivu, ili sahani ya usiku iwe ndogo bila kujitesa. Na kutembea. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kushuka kituo kimoja kabla ya kwako kunahesabika, na kwa walio karibu, Daraja la Tanzanite lililofunguliwa 2022 lina njia ya waenda kwa miguu na upepo wa bahari bure.

Mizani itumie, ila usiihangaikie kila siku. Chumvi na maji tu vinaipandisha na kuishusha. Mimi naliamini zaidi gauni linalonikaa sawasawa. Livae mara moja kwa mwezi, kaa kitini, inua mikono. Likianza kubana kwapani au kiunoni, punguza wali wa usiku wiki hiyohiyo.

Nanyi wanakamati wa harusi, tafadhali, toeni kitambaa cha sare mapema. Kikitoka wiki mbili kabla, fundi anapima mara moja, anashona usiku na kukabidhi asubuhi ya shughuli. Kikitoka miezi miwili kabla, anapata nafasi ya kukuita ujaribu nguo ikiwa bado na nyuzi za kushikizia, arekebishe, ndipo apitishe ovaloki.