Msanii, hiyo kutu iache

Juzi nimeona klipu ya msanii anaunganisha makorokoro, funguo, kitasa, saa mbovu, soli ya kiatu, kazi inanoga kweli halafu mwishoni akachukua rangi ya dhahabu ya kupuliza akapulizia yoooote. Niliishiwa nguvu. Ile soli ilikuwa imelika upande mmoja tu wa kisigino, yaani mwenyewe alikuwa na mwendo wake, labda goti lilimsumbua, labda alibeba mizigo bega moja miaka nenda rudi, sasa hayo yote yameenda, imebaki shepu ya soli.

Mi naona msanii wa vitu vya kuokota hafanani na mchoraji anayeanza na turubai jeupe. Vitu vyake vinakuja vimeshaishi, kazi yake ni kuvikalisha pamoja viongee.

Mcheki Romuald Hazoumè wa Benin. Kazi yake La Bouche du Roi, aliyoifanya kuanzia 1997 hadi 2005, ina madumu 304 ya petroli, kila dumu limekatwa likawa sura, mdomo wa dumu ndo mdomo wa mtu, na yamepangwa kama ule mchoro maarufu wa meli ya watumwa Brookes. Sasa madumu ya aina hiyo ndo yanayobeba petroli ya magendo kutoka Nigeria, na wabebaji huwa wanayapasha moto yatanuke yaingize mafuta mengi zaidi, mengine mpaka yanapasuka. Dumu la hivyo ndo limekaa nafasi ya mtu aliyeshindiliwa melini! Angeyapaka rangi yakapendeza si tungeona vinyago tu tukapita zetu?

Mchoraji Picasso naye 1942 alichukua siti na hendeli ya baiskeli akapata kichwa cha fahali, vitu viwili tu basi. Zipo na kopi za shaba ila mi hazinichekeshi, utamu wote ni pale jicho linapostuka kwamba kumbe hii ni siti, ngozi kabisa.

Najua mtaniletea Louise Nevelson, yule mchongaji wa Marekani aliyepaka mabaki ya mbao rangi nyeusi tii. Sawa, ila yule alikuwa anajenga kuta za vivuli, hakuwa na habari na nani alikalia kiti kilichotoa zile mbao. Na mnaosema kutu itakula kazi, nta ipo, vanishi isiyong'aa ipo.

Nasema hivi sababu nami nilishaharibu. Niliokota bawaba ina rangi tabaka tatu, kijani juu, bluu, nyeupe kwa chini kabisa, maana yake huo mlango ulishapakwa mara tatu na pengine ni familia tatu zimepita hapo. Nikakaa na msasa jioni nzima mpaka chuma kikang'aa. Ipo kwenye droo mpaka leo, kila nikijaribu kuiweka kwenye kazi haisemi kitu.