Lami ipite kule juu, sisi tuachieni moramu

Najua hii kitu ukiisema kwenye mkutano wa kijiji hapa kwetu Mwanza unaweza ukazomewa, ila ngoja niiseme tu: sio kila barabara ya vumbi inatakiwa lami. Zipo zinazotakiwa zibaki moramu, ila moramu ya maana, iliyoshindiliwa, yenye mtaro, halafu gari zisipite kabisa. Ziwe za baiskeli na miguu basi.

Imeniingia kichwani kwa sababu ya Yutyubu, naangalia usiku mpaka bando linakata. Kuna sehemu New Zealand inaitwa Central Otago, reli yao ilifungwa 1990, na sisi tunajua reli ikifa huwa inakuwaje, vyuma vinaishia kwa wa skrepa na eneo linavamiwa. Wao wakaondoa mataruma wakamwaga changarawe, mwaka 2000 wakafungua njia ya baiskeli ya kilomita 152 kutoka Middlemarch mpaka Clyde, inapita kwenye madaraja yale yale na mahandaki yale yale ya treni. Vijiji vilivyokuwa vinakufa vikaanza kupata wageni wa kulala na kula. Kule mwisho upande wa Clyde ndo unaingia nchi ya mizabibu, na 2021 wakaongeza nyingine pembeni ya ziwa Dunstan, ambalo sio ziwa la asili, ni mto Clutha umezibwa na bwawa la umeme, na pale ambapo jabali limeingia majini kabisa hakuna pa kukanyaga wakafunga vidaraja ubavuni mwa mwamba. Mimi nikiona hapo naona Mwanza tu. Mawe na maji, sasa sisi tunakosa nini?

Mtaniambia mizabibu. Haya, mizabibu iko Dodoma, na wenzetu kule wanavuna mara mbili kwa mwaka wakati Ulaya wanavuna mara moja, siku nyingine nitawaandikia. Lakini sisi tuna bonde la mto Simiyu pale Magu, tuna majaruba ya mpunga, tuna pamba ikishapasuka shamba zima jeupe, tuna dagaa waliotandazwa kwenye mchanga kuanzia Igombe mpaka Kayenze (harufu ni kali, sikatai, ukipita mara mbili tatu unazoea).

Na baiskeli zenyewe tunazo, tena nyingi. Hizo baiskeli za graveli, yaani za kuendeshea kwenye changarawe, wazungu wanazouziana kwa mamilioni ukiangalia tairi zake ni milimita 38, 40, mpaka 45 hivi. Sasa nenda kwa fundi yeyote Igoma uangalie Phoenix ya babu, tairi imeandikwa 28 kwa 1½, inchi moja na nusu ni milimita 38. Yaani upana ambao wazungu wameufikia juzi baada ya kuhangaika miaka na vitairi vyembamba kama utambi, Msukuma anao tangu zamani, na nyuma ana karia inabeba gunia mbili za mkaa. Tofauti ni gia na uzito tu. Uzito ni mwingi, hapo sibishani.

Shida ni pa kuendeshea. Barabara ya Nyerere kutoka mjini kwenda Igoma mpaka Kisesa mnaijua, hiace inakukata mbele ghafla kwa sababu kuna abiria kanyoosha mkono, bajaji iko kulia, bodaboda anapita kushoto kwako ambako hata hapapitiki, na ukishatoka Kisesa ndo mabasi ya Musoma yanakuja yanapiga honi maana yake toka barabarani wewe, sio samahani napita. Watu wanashuka na baiskeli mpaka kwenye nyasi. Mama ana tenga la dagaa kwenye karia naye anashuka, mwanafunzi naye anashuka, lami tuliyoililia miaka yote halafu mwenye baiskeli hana hata nusu mita yake.

Nikichoka na hayo huwa nakata kushoto naingia vinjia vya ndani, upande wa ghuba ya Speke, ziwa Victoria. Huko ni raha kusema kweli, minyaa pande zote mbili, unasikia cheni yako tu inavyolia, ukitokeza kwenye mwinuko unaona ziwa lote. Siku moja mzee mmoja kakaa nje ya kwake ananiangalia navyokuja natoka jasho, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza kijana mbona mbio, kuna msiba? Nikamwambia hapana mzee, naendesha tu. Akasema, unaendesha tu halafu unarudi? Ndio mzee. Akaangalia karia, haina kitu, akatikisa kichwa na kuniambia basi kesho pita hapa nikupe gunia la viazi upeleke Kisesa kama nguvu zinakusumbua.

Sasa hivyo vinjia tatizo lake ni udongo. Juu kwenye vilima ni luseni, kichanga, kiangazi kinameza tairi lakini mvua ikinyesha kinashikana unapita vizuri tu. Ukishuka bondeni ni mbuga, ule udongo mweusi, na hapo ndo utajua hujui. Kiangazi unapasuka nyufa tairi linaweza kuzama, masika unanata unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka kabisa, unatafuta kijiti unachokonoa, unasukuma hatua kumi, umejaa tena. Wenyeji wengi wameshang'oa madigadi wakayatupa. Watoto wa shule huko masika wanabeba baiskeli badala ya baiskeli kuwabeba wao.

Kwa hiyo ninachoomba sio kikubwa. Kule mbugani lipigwe tuta, kalavati, moramu juu, upana mita mbili tu. Mita mbili ni kitu gani? Barabara kubwa ya Igombe, Kayenze mpaka Nyanguge ipate lami yake safi, magari yapite huko yaache kutusumbua, sisi tupewe kamstari ketu kule chini karibu na maji. Na eneo lipo kisheria, ile sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani na kingo za mito. Najua mtu atasema njia nayo ni shughuli. Sawa, lakini nyinyi wote mnaona kinachoendelea ndani ya hizo mita 60, kuna bustani za nyanya, kuna baa, kuna ukuta wa tofali umeingia mpaka majini, njia ya changarawe ndo itaharibu nini cha zaidi? Ila isikae karibu sana, 2020 na 2024 ziwa lilijaa likafuata watu majumbani.

Waitaliano walishaona hili. Kule Chianti, kwenye mizabibu yao, 1997 watu wa pale Gaiole waliona barabara zao nyeupe za changarawe zinaisha kwa lami, wakaanzisha msafara wa baiskeli za kizamani unaitwa L'Eroica ili hizo barabara zipate watu wa kuzitetea. Siku hizi mpaka wanabaiskeli wa kulipwa wana mashindano yao kila mwaka kwenye barabara nyeupe za upande huo, tangu 2007, wanamalizia Siena. Na gari chache bado zinapita, hawakufunga kila kitu.

Sasa swali ambalo kila nikiongelea hii mada naulizwa ni moja: bodaboda je? Maana watapita tu, tunawajua. Ukiweka mawe mawili mlangoni kubana pikipiki, unambana na yule mama wa tenga la dagaa ambaye ndo wa kwanza niliyemfikiria, kwa hiyo mawe hapana. Mi naona ni sheria ndogo ya kijiji na faini, na mgambo wa kusimamia siku za gulio, hata kama mwanzoni watacheka. Ng'ombe wapite asubuhi na jioni, hawana shida na mtu.

Kama mhandisi wa TARURA, wale wa barabara za vijijini na mijini, anasoma hapa, ningeanza na kipande cha Igombe kwenda Kayenze, na ningeanza mwaka huu, kwa sababu wiki iliyopita nimekuta mti mmoja kule umepigiliwa kibao cha viwanja vinauzwa, na namba ya simu.