Gitaa lenye ukubwa wa mtoto

Mimi ni wa Morogoro, na nyumbani kwetu mtoto akishika gitaa ilionekana ameshaanza kupotea. Baba mdogo alikuwa mpiga gitaa la rizim, lile la kushika mapigo, kwenye bendi ya dansi. Gitaa lake lilining'inia sebuleni, na amri ya mama ilikuwa moja: asiguse mtu. Sababu yake naielewa. Muziki wa dansi uliishi baa na kwenye kumbi za usiku, na huko mtoto haendi. Ndivyo nilivyokulia mji wa Mbaraka Mwinshehe, yule mpiga gitaa maarufu, bila kubonyeza waya hata mmoja. Nimekuja kujaribu ukubwani huku Dortmund, Ujerumani, vidole vimeshakakamaa.

Binti yangu yeye alilikuta gitaa shuleni, mchana kweupe. Huku Ruhr, eneo ambamo Dortmund imo, mwaka 2007 walianzisha mpango wa shule za msingi ulioitwa Jedem Kind ein Instrument, yaani kila mtoto na ala yake. Baadaye ulibadilishwa jina na sura, ila wazo limebaki: mtoto anajaribu ala mbalimbali, anachagua, anaazimwa aende nayo nyumbani. Akiwa na miaka saba aliletewa gitaa la nusu, la nyuzi za nailoni. Kumbe magitaa ya watoto yapo, ya robo, nusu na robo tatu, mkono mdogo ufike!

Nilimwona anavyobadilika. Mguu wa kushoto juu ya kibao, meno yameuma mdomo, wiki tatu anahangaika na kipande kifupi ambacho mtu mzima angekiacha siku ya pili. Ncha za vidole zikauma, zikaota sugu, akawa ananionyesha kwa fahari. Wakipiga wanne pamoja, aliyekimbia lazima awasubiri wenzake. Subira hiyo mimi kwa maneno nilishindwa kumfundisha.

Lakini tulipokwenda Morogoro likizo, binamu yake alitoka na gitaa la galoni, nyaya zake za breki ya baiskeli. Akasikia wimbo redioni mara mbili, akaushika. Binti yangu akakwama: karatasi ya nota iko wapi? Huku wanamfundisha macho na vidole, nusu saa kwa wiki. Kule sikio linalelewa kutwa nzima, na watoto wenzake wako hapo hapo wanaitikia na kupiga makofi. Nilimwonea wivu yule mtoto, na nikaumia pia, kwa sababu zile nyaya zilikuwa zinamchana vidole.

Ndugu zangu mlio nje, tunatuma simu na viatu. Tutume na gitaa la nusu pia. Na wazee wangu nyumbani, mtoto mkimkataza baa, sawa kabisa, ila mtafutieni mahali pengine pa kupigia: darasani, kwenye kwaya, barazani.

Lile la binti yangu limeshakuwa dogo kwake, tulinunua letu baada ya la shule. Nimelipeleka Morogoro. Baba mdogo anamfundisha binamu kila Jumamosi baada ya chai, uani, mlango wazi. Nyuzi zikikatika natuma nyingine kwa bahasha.