Mlango wa Thieta Ufunguliwe kwa Jirani

Hospitali nyingi hujua idadi ya wagonjwa zilizowapasua kwa mwaka, lakini ni chache zinazoweza kueleza kama vidonda vya wagonjwa hao hupata maambukizi zaidi kuliko vya hospitali jirani. Kwa maoni yangu, hatari kubwa iko hapo, kwa sababu kasoro iliyozoeleka ndani ya thieta moja huonekana kuwa desturi mpaka afike mgeni aishangae. Ndiyo maana nataka hospitali jirani zilinganishe takwimu zao na kutembeleana thietani.

Mfano ninaourejea mara kwa mara ni wa Marekani. Mwaka 1987 madaktari wa upasuaji wa moyo wa majimbo ya Maine, New Hampshire na Vermont waliunda kikundi cha kukusanya takwimu za wagonjwa wao kwa utaratibu mmoja. Walipozilinganisha, waligundua kwamba viwango vya vifo vilitofautiana kati ya hospitali na hospitali, na kwamba uzito wa maradhi ya wagonjwa haukutosha kueleza tofauti hiyo. Hawakutangaza mshindi wala kumsaka wa kulaumiwa. Walipeana matokeo, wakajifunza mbinu za kuboresha kazi, kisha wakatembeleana na kutazamana kazini. Vifo vya hospitalini baada ya upasuaji wa mishipa ya moyo vikawa pungufu kwa 24% kuliko ilivyotarajiwa.

Hebu tulinganishe na orodha ya ukaguzi wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yaani karatasi ya mambo ya usalama ambayo timu ya thieta huyahakikisha pamoja na kuyatia alama. Ilipojaribiwa katika hospitali 8 za miji 8, matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka 1.5% hadi 0.8%. Lakini huko Ontario, Kanada, ambako hospitali zilitakiwa kutangaza hadharani jinsi zinavyoitumia, utafiti wa mwaka 2014 uliohusisha hospitali 101 haukuona upungufu wa maana wa vifo, ingawa nyingi ziliripoti kuijaza karibu kila mara. Wapo wanaotoa sababu nyingine. Mimi naona kwamba kisanduku kinaweza kutiwa alama bila mtu yeyote thietani kufungua kinywa.

Najua wakurugenzi huogopa aibu na kesi, na hofu hiyo si ya kupuuzwa. Basi takwimu zibaki kwanza mikononi mwa hospitali zinazoshirikiana, na ziara zianze na mambo madogo: dawa ya kuzuia maambukizi inatolewa saa ngapi kabla ya kupasua, shashi zinahesabiwaje, na nani ana ruhusa ya kusema “subirini.” Msafara huo usiwe wa madaktari bingwa peke yao, muuguzi anayehesabu shashi awe wa kwanza kuandikwa.