Nguzo za Kalokol ni za Watu, si za Nyota

Ukitoka Lodwar kuelekea Kalokol, magharibi mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, kando ya barabara kuna nguzo 19 za mawe meusi zimesimama juu ya changarawe, nyingine zimelala upande. Waturkana wanapaita Namoratunga, yaani watu wa mawe. Wanasimulia kwamba walikuwa watu wakicheza ngoma, wakamdhihaki aliye mkuu kuliko wao, wakageuzwa mawe hapo hapo walipo.

Nilipofika, dereva wetu aliokota kijiwe, akakipangusa vumbi kwa kidole gumba, akakiweka juu ya nguzo iliyokuwa tayari imebeba vijiwe vingine sita saba. "Na wewe weka, dada," akaniambia. Nikaweka. Nguzo yenyewe ilikuwa ya moto kwa jua, pande zake zimenyooka kama za penseli. Hazikuchongwa na mtu. Ni lava ya volkano iliyopoa ikapasuka yenyewe hivyo.

Wengi wetu tumesikia kwamba mawe haya ni kalenda ya nyota. Habari hiyo ilianza mwaka 1978, watafiti wawili walipoandika katika jarida la Science kwamba nguzo hizo zilipangwa kuelekea nyota fulani, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Mwaka 1982 mwanaakiolojia Robert Soper alizipima upya na kuonyesha kasoro katika vipimo vyao, kwa kuwa walifuata kaskazini ya dira, ambayo si kaskazini halisi. Baadaye uchimbaji katika maeneo ya nguzo kuzunguka ziwa ulitoa umri wa karibu miaka 5,000. Hata hivyo, mitandaoni hadithi ya nyota bado inatamba.

Naelewa kwa nini tunaing'ang'ania. Tumeambiwa kwa muda mrefu kwamba hatukuwa na elimu, kwa hiyo tukipewa wanajimu wa kale tunawapokea kwa mikono miwili. Lakini kilichopatikana kweli kinanigusa zaidi.

Nenda Lothagam Kaskazini, eneo jingine la nguzo upande huo huo wa ziwa. Timu ya mwanaakiolojia Elisabeth Hildebrand ilichapisha matokeo yake mwaka 2018. Wafugaji wa kwanza wa eneo hilo walijenga jukwaa la mawe lenye upana wa takriban mita 30, katikati wakachimba shimo kubwa, na kwa karne kadhaa wakawazika humo wafu wao: watu wasiopungua 580. Wanaume, wanawake, vikongwe, watoto wachanga, wote pamoja. Karibu kila mmoja alizikwa na mapambo yake, shanga za mawe ya rangi au za maganda ya mayai ya mbuni. Mmoja alikuwa na pambo la kichwani la meno zaidi ya 400 ya panya wadogo wa nyikani. Hebu fikiria mikono iliyokaa ikiyapanga meno yale, moja moja! Shimo lilipojaa wakalifunika kwa mawe, kisha wakasimamisha nguzo, nyingine zikiwa zimebebwa kutoka umbali wa kama kilomita moja.

Hakuna dalili ya mfalme pale. Hakuna kaburi lililotengwa kwa tajiri. Na hao walikuwa watu wa wakati mgumu: mvua zilikuwa zinapungua, ziwa linarudi nyuma, malisho yanahama. Wangeweza kutawanyika kila mtu na mbuzi wake. Walikutana wakabeba mawe.

Hilo ndilo ningependa wanetu walisome shuleni, kabla ya piramidi.

Waturkana walifika huku maelfu ya miaka baadaye, lakini katika simulizi lao nguzo ni watu. Wanasayansi wamechimba miaka na miaka, nao wakakuta watu. Kwa hiyo ukipita Kalokol usiikalie nguzo kwa ajili ya picha. Shuka, okota kijiwe, kiweke juu, kisha mwombe mwenyeji wako akusimulie habari za wale wacheza ngoma. Atakusimulia vizuri kuliko mimi.