Nusu Karatasi za Raymond Chandler

Anayetaka kuandika riwaya ya upelelezi hushauriwa aanze na fumbo: nani kaua, kwa nini, ushahidi uko wapi. Raymond Chandler, mwandishi Mmarekani wa riwaya hizo, aliipa uzito karatasi yenyewe. Alikata karatasi za njano katikati, akachapa kwenye kila nusu mistari 12 hadi 15, kama maneno 125 hadi 150. Sharti lilikuwa moja: kila nusu iwe na utamu wake. Iliyoharibika hakuihangaikia kwa kufutafuta. Aliichapa upya yote. Kwa maoni yangu, hapo ndipo zilipotoka kurasa zake zisizochosha, na hapohapo ukatoka udhaifu wake mkubwa.

Kazi hii aliianza ukubwani. Mwaka 1932, akiwa na miaka 44, alifukuzwa kwenye kampuni ya mafuta huko Los Angeles, ulevi ukiwa sababu mojawapo. Akajisomesha mwenyewe: alichukua hadithi ya Erle Stanley Gardner, mwandishi mwingine wa upelelezi, akaandika muhtasari wake kwa kina, kisha akaitunga upya kutokana na muhtasari huo na kulinganisha na ile ya Gardner. Palipopwaya, akarudia. Hadithi yake ya kwanza ilimla miezi 5, na mwaka 1933 jarida la Black Mask likamlipa senti moja kwa neno, jumla dola 180.

Riwaya ya kwanza, The Big Sleep ya 1939, aliiunga kwa kutumia hadithi zake fupi, hasa Killer in the Rain ya 1935 na The Curtain ya 1936. Jenerali mgonjwa katika banda la vioo lenye maua ya okidi, mgeni wake akitota jasho, alikuwamo tayari kwenye The Curtain. Riwayani onyesho hilo lilipanuliwa, na sijui ufunguzi bora kuliko huo katika fani hii. Lakini mshono unaonekana. Ukifika kama katikati, mambo ya Geiger na biashara yake ya vitabu vichafu yamekwisha, na msako wa Rusty Regan, mkwe wa jenerali aliyetoweka, ndio kwanza unashika kasi. Na yuko dereva, Owen Taylor, aliyekutwa amekufa ndani ya gari lililotumbukia baharini. Alijiua au aliuawa? Waliotengeneza filamu ya riwaya hiyo ya 1946 walimwuliza mwandishi mwenyewe. Hakuwa na jibu.

Sioni uzembe hapo. Anayeyakazia macho maneno 150 kwa mkupuo, maiti aliyemwacha nyuma humtoka akilini.

Kwa hiyo ichukue njia yake pamoja na dawa yake. Kata A4 upate A5. Kwa Kiswahili maneno 100 yanatosha, maana neno letu moja hubeba mtenda, wakati na mtendwa. Nusu isiyo na kitu ila mtu kuingia, kuketi na kuwasha sigara, itupe. Tashbihi moja iliyokaa vizuri inatosha, tatu zinauana. Kisha weka pembeni karatasi nzima yenye safu nne: maiti, muuaji, saa ya kifo, na ukurasa ambapo msomaji atajua. Safu ikibaki tupu, usichape nusu inayofuata kabla hujaijaza, hata kama marehemu ni dereva tu.