Finland haiko? Muniulize mimi wa Zaire

Jumapili tulikula bukari, ugali wetu, kwa dada yangu, huku Lubumbashi, komini ya Kenya, na mpwa wangu akaniletea simu hadi puani: "Mjomba, unajua Finland haiko?" Eti pale kwenye ramani ni bahari tupu, Warusi na Wajapani walipatana ili Japani ivue samaki bila kuulizwa na mtu, samaki hupakiwa kwenye treni ya Siberia, na Nokia ilibuniwa kuficha mizigo hiyo. Wote mezani wakacheka. Mimi nilishindwa kucheka, na hadi leo jambo hili linanichoma.

Nakubali, mchezo wenyewe una akili. Wajerumani nao tangu 1994 wanasema Bielefeld, mji wa watu zaidi ya 300,000, haupo. Mwaka 2019 mji huo uliahidi yuro milioni 1 kwa atakayethibitisha, na hakuna aliyezichukua. Sawa. Mtu wa Bielefeld anacheka, kisha anaonyesha kitambulisho chake na kinapokelewa.

Nkambo wangu, mzazi wa mzazi wangu, aliishi humu humu mjini, ukiitwa Elisabethville, katika nchi ambayo dunia nzima ilikataa kuiona. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo letu la Katanga, alitangaza uhuru wake kutoka Kongo. Ilikuwa na bendera yenye misalaba mitatu ya shaba, stempu, noti, mawaziri, askari waliokufa kweli. Hakuna serikali hata moja iliyoitambua, na Januari 1963 ikaisha. Silii Katanga ile. Ilimwaga damu nyingi, na Lumumba aliuawa katika udongo wake. Lakini watu waliamka humo asubuhi, wakazaa, wakazika.

Nami nilizaliwa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Tangu Mei 1997 hakuna nchi ya jina hilo. Miaka michache iliyopita, ugenini, karani alishika cheti changu cha kuzaliwa, akatafuta kwenye kompyuta, akaniambia: "Nchi hii haipo." Alisema kwa upole. Nilisimama pale dirishani nikiwa na umri wangu wote, sina pa kuwa nimezaliwa. Wasafiri nyuma yangu wakaanza kuguna.

Ndiyo maana baada ya chakula nilimpeleka mpwa wangu nyumbani, nikafungua sanduku la nkambo, nikampa noti moja ya Katanga. Aliigeuza mara mbili.

"Walinunua nini nayo?"

"Unga," nikamwambia. "Na mafuta."